Naomba ushauri: pembrolizumab kwa saratani iliyofika kwenye tezi

Ndugu wanachama, hasa madaktari, naomba mnisaidie. Mama yangu mdogo ana saratani ya mlango wa kizazi. Ripoti inasema hatua ya IIIC1, yaani imefika kwenye tezi za limfu za nyonga, na amepangiwa mionzi pamoja na cisplatin (dawa ya kemo) kila wiki. Nimesoma kwamba Januari 2024 Marekani iliidhinisha kuongeza pembrolizumab, dawa inayosaidia kinga ya mwili kushambulia saratani, kwenye tiba hiyo kwa hatua ya III hadi IVA, lakini kwa mpangilio wa hatua za saratani wa 2014, ambao haukuhesabu tezi. Juisi za kuongeza kinga tunazoletewa nimezikataa. Je, mgonjwa wa namna hii anahesabiwa kuwa anaifaa dawa hiyo? Na kwa kuwa seli za kinga huandaliwa katika tezi hizohizo zitakazopigwa mionzi, dawa ikianza baada ya mionzi bado itamsaidia?