Re: Daftari la kuchora kila siku, nichukue lipi?

Wadau, salamu.

Nimeanza shajara ya michoro, ukurasa mmoja kila usiku kabla ya kulala: penseli, kalamu ya wino, na rangi za maji kidogo. Dukani madaftari yamejaa rafu nzima, lebo zake ziko kwa lugha ya huku ambayo bado naibabaisha, na nimeshanunua mawili yakanishinda. Yote mawili rangi ilichafuka. Mwenye uzoefu anitoe tongotongo kabla sijapoteza hela ya tatu.

---

Dada, salamu zimefika.

Lugha isikutishe, tafuta namba. Palipoandikwa g/m² ndipo penye uzito wa karatasi, yaani mita moja ya mraba ina gramu ngapi. Karatasi ya kawaida ya printa ni gramu 80. Kwa penseli na kalamu, 100 hadi 120 zinatosha. Ukishaingiza brashi yenye maji, anzia 200 hivi. Zile za rangi za maji hasa huwa 300, ila daftari lake huwa na kurasa chache, na kwa mtu wa ukurasa kila siku mwezi hauishi kabla halijaisha.

Lakini namba hiyo nayo isikulevye. Niliwahi kununua la gramu 200, jalada la kupendeza, nikarudi nalo kifua mbele. Tone la kwanza la rangi likazama kama maji kwenye mchanga, na ukingo wake ukaota ndevu. Karatasi ilikuwa nene, sawa, ila haikutiwa vya kutosha ile dawa ya kuizuia isinywe maji (jelatini na wanga ni miongoni mwa zinazotumika). Dawa hiyo ndiyo inayoiacha rangi ikae juu kidogo, ukapata muda wa kuisukuma na brashi. Huioni kwa macho, na aghalabu jalada halisemi chochote. Daftari lililofungwa kwa nailoni, basi, ni mbuzi kwenye gunia. Nunua moja tu, ulipime nyumbani.

Napima kwenye ukurasa wa mwisho kabisa. Naweka tone la maji safi kwa ncha ya brashi, kisha nahesabu taratibu hadi 30. Tone likibaki limetuna na linang'aa, karatasi hiyo inafaa. Likigeuka doa jeusijeusi nikiwa bado kwenye kumi, hilo la penseli. Pembeni nachora mstari kwa kila kalamu niliyonayo, nangoja ukauke kabisa, napitisha brashi iliyolowa. Halafu nasugua raba mara kumi mahali pamoja: nyuzi zikinyanyuka, penseli itakwama hapo siku zote. Kama unapenda kuzungushia mchoro mkanda wa karatasi, ubandike na uubandue, uone kama unaondoka na ngozi. Mwisho wa yote geuza ukurasa. Kivuli cha mstari kuonekana nyuma navumilia. Wino wenyewe kutokea upande wa pili, hapana. Maka za spiriti usizihesabu, zile hupenya karibu kila karatasi.

Kuhusu ufungaji, fungua katikati utazame mkunjo. Ukiona uzi, kurasa zimeshonwa, litalala wazi na utachora kuvuka kurasa mbili. Gundi tupu ukilikandamiza lilale, baada ya muda kurasa zinachomoka moja moja. Ya waya siyapendi: kurasa zinachezacheza, zinasuguana, na penseli ya jana inahamia kwenye ukurasa wa leo.

Ukubwa ni mapenzi ya mtu. Mimi natumia A5, milimita 148 kwa 210, kwa sababu ya mkoba tu.

---

Naomba kutofautiana na kaka hapo kwenye waya. Mimi nachora nimesimama, au nimebanwa kwenye kiti cha treni, na daftari la waya linakunjika hadi nyuma, nalishika kwa mkono mmoja. Hizo kurasa zinazosuguana nazibana kwa kibanio cha karatasi, kwisha.

Nyongeza moja: kama unataka michoro hiyo ikae miaka, hakikisha lebo inasema haina asidi. Karatasi rahisi ya mbao, kama ya gazeti, hugeuka njano upesi ikipigwa na mwanga.

---

Asanteni sana ndugu zangu.

Jana usiku nimeyapima yale mawili niliyoyatelekeza. Moja lilikunywa tone kabla sijafika saba, kwa hiyo hilo nimeliachia penseli. La pili ndilo lililonishangaza: nimehesabu hadi 30, tone liko palepale, na raba haikunyanyua kitu. Kumbe kilichokuwa kinachafua rangi zangu ni kalamu. Nilipopitisha brashi juu ya mstari wake, wino wote ukatiririka zambarau, na wa kalamu ya pili pembeni haukutikisika. Na mimi nilikuwa nimelipanga la kutupwa, limeshashonwa kwa uzi na kila kitu.

Kaka, hiyo kalamu ya zambarau nitaendelea nayo kwenye kurasa zisizo na rangi. Swali limebaki kwenye kibanio: hakiachi alama kwenye ukingo wa karatasi?

---

Kinaacha. Kata kipande cha kadibodi, kiweke katikati.