Elimu ya afya ya bure viwanjani: mtu anaondoka na soda na namba ya presha ya uongo

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa hasira, mnivumilie.

Kila ikikaribia Mei 17, siku ya shinikizo la damu duniani, na Novemba 14 ya kisukari, maturubai yanapanda viwanjani na spika zinaita: elimu bure, vipimo bure. Watu wanafika saa 3 asubuhi, mgeni rasmi saa 5 na nusu. Itifaki, ngoma, salamu za wadhamini. Mtaalamu anabakiziwa dakika 15, nazo anazimaliza akisoma slaidi za Kiingereza alizowaandalia madaktari wenzake. Mama aliyefunga genge lake anarudi nyumbani na neno moja tu: "punguzeni chumvi."

Apunguze hadi wapi? Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Humo hesabu na iliyomo kwenye mkate, ng'onda na vile vidonge vya kukolezea mchuzi. Wekeni kijiko na kisahani mezani watu waone kwa macho. Projekta ya nini?

Tuje kwenye kipimo, maana hapo ndipo panaudhi. Mtu katoka foleni ya juani, kabana mkojo, anakalishwa kwenye stuli isiyo na egemeo. Mkanda unafungwa juu ya sweta, mkono unaning'inia, na mpimaji anamuuliza umri na namba ya simu huku mashine inajaa upepo. Karibu kila kitu hapo kinapandisha presha. Kuongea tu, au mkono kuwa chini ya usawa wa moyo, kunatosha kumtoa mtu kwenye 132 na kumvusha 140, mpaka wa presha ya juu. Mwenye mkono mnene akifungwa mkanda mdogo, naye anasomeka juu.

Inavyotakiwa: nusu saa kabla asinywe kahawa wala kuvuta sigara. Aende haja ndogo kwanza. Akae dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo chini, asikunje nne, mkono mtupu juu ya meza usawa wa moyo, na kimya, yeye na mpimaji. Pima, subiri dakika moja, rudia. Msiseme muda hautoshi: pangeni viti kivulini mbele ya meza, foleni ikae badala ya kusimama, dakika 5 zimepatikana.

Halafu anapewa kikaratasi "155/95" bila maelezo. Huyu anapaswa kuambiwa kwamba kipimo cha siku moja hakimfanyi mgonjwa, arudie siku nyingine kituoni. Ikifika 180/110 hata baada ya kurudia, aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Na kama kuna maumivu ya kifua, pumzi kubana au upande mmoja wa mwili kulegea ghafla, ni dharura. Asipoambiwa, mmoja anaenda kuazima vidonge vya jirani, mwingine anatupa karatasi.

Sukari ndiyo kichekesho. Mnagawa soda na machungwa, kisha mnatoboa vidole! Kidole kilichomenya chungwa kisipooshwa kwa maji na sabuni kinaweza kutoa namba ya kutisha ambayo haimo kwenye damu. Na ule mpaka wa kisukari wa 7.0 (mmol/L) ni wa aliyefunga kula kwa muda wa saa 8 au zaidi, siyo wa aliyetoka kushushia chapati.

Mada ya kuhara nayo inaishia "mpeni mtoto ORS." Pakiti za kawaida za huo unga wa chumvi na sukari ni za lita moja ya maji, na nyumbani chupa iliyopo mara nyingi ni ya nusu lita. Pakiti nzima inamiminwa humo, chumvi inakuwa maradufu, mtoto anazidi kuharibikiwa. Kugawa unga nusu kwa macho nako ni kubahatisha. Jaza chupa mbili za nusu lita, mimina kwenye jagi safi, tia pakiti yote, koroga. Yakipita saa 24, mwaga. Onyesho lake halizidi dakika 3.

Waandaaji mliomo humu, jibuni: kwa nini meza ya soda ina watu sita, na meza ya presha ina mashine moja yenye mkanda wa saizi moja?