Nyanya za kupanda nyumbani: wewe umeshikamana na aina gani? Tupeane uzoefu

Jirani wa Kiamunyi, Nakuru
Wadau, leo tuwache habari ya ekari na kreti. Nawauliza nyinyi wenye kakipande nyuma ya jiko, ama ndoo kadhaa kwa veranda, mnaopanda nyanya za kuunga mboga na kukatia kachumbari. Ukienda agroveti utaulizwa tu, "F1 ama ya kawaida?" (F1 ni mbegu chotara), kisha unaonyeshwa Cal J, Rio Grande, Kilele, Anna. Hakuna mbaya hapo, lakini nyingi zilichaguliwa na watu wanaowaza lori na soko: ngozi ngumu, umbo la kupangika, zikae siku nyingi bila kuoza. Mimi sina lori.

Kwangu ni Money Maker. Ni mbegu ya zamani ya Uingereza, ya duara, ngozi laini, maji mengi. Ni ile ndefu isiyoacha kukua, kwa hivyo naifunga kamba na kung'oa machipukizi ya kwapani kila wiki, nabakisha shina moja. Inazaa polepole kwa miezi, na hiyo ndiyo raha yake: kila siku kuna mbili tatu za jioni. Kasoro ni kwamba kukikauka halafu mvua inyeshe kwa kishindo, zinapasuka. Haya, semeni.

Mama wa Nyalenda, Kisumu
Jirani, wewe una bahati ya baridi ya Nakuru. Huku kwetu kabla hujauliza utamu, uliza kama mche utafika maua. Mnyauko! Asubuhi mmea umesimama, saa saba mchana umeinamisha kichwa na majani bado ni ya kijani kabisa, baada ya siku chache umekufa. Wengi hudhani ni kiu na wanazidisha maji, na maji ndiyo yanausambaza. Kama una shaka, kata shina karibu na udongo, litumbukize kwenye glasi ya maji safi na utulie. Ukiona uzi mweupe wa maziwamaziwa unashuka, hiyo ni bakteria na hakuna dawa ya kupuliza itakayoiponya.

Jambo ambalo watu huku hawapendi kuambiwa: kubadilisha nyanya na osuga (mnavu) hakusaidii. Osuga, nyanya, biringanya, pilipili, viazi, zote ni ukoo mmoja na zinalisha ugonjwa uleule. Pale palipokufa nyanya, weka mahindi, vitunguu, ama sukuma, na upe muda mrefu.

Mimi nilihama ardhi kabisa. Napanda Cal J kwa ndoo za lita 20 zilizotobolewa chini, udongo umetoka mahali ambapo hapajawahi kuona nyanya, nikachanganya na samadi iliyooza vizuri. Cal J ni fupi, inajisimamia, haihitaji kamba za juu. Inazaa kwa mkupuo halafu inaisha. Utamu ni wa wastani, sitadanganya, lakini kwa mchuzi wa samaki ni nzito, haigeuki maji.

Kijana wa Manyatta
Auntie, asante kwa hiyo ya ndoo, kwa ploti yetu hakuna udongo ni simiti tupu. Swali: pakiti za agroveti zimeandikwa VF ama VFN. Si hiyo ndiyo kinga ya mnyauko?

Mwalimu, Lurambi
Kijana, hapo ndipo wengi huachia pesa. V na F ni kuvu wawili wa udongoni, Verticillium na Fusarium, nao pia hunyausha mmea. N ni minyoo midogo ya mizizi, ile inayoacha vinundu. Mnyauko ambao mama amesimulia ni wa bakteria, herufi hizo haziuhusu. Ndiyo maana mtu ananunua Roma VF kwa imani kubwa, kisha anaona zinalala mchana.

Roma yenyewe naipenda, kwa njia. Ni uzao wa Marekani wa miaka ya 1950, mviringo mrefu, nyama nyingi, mbegu chache. Nikitaka nyanya za kupika na kuhifadhi, ndiyo hiyo. Ya kula mbichi, hapana.

Kuhusu utamu, wanasayansi walionyesha mwaka 2012 kitu ambacho bibi zetu wangekubali bila maabara. Nyanya za zamani zikiwa mbichi zina mabega ya kijani kilichokolea. Wazalishaji mbegu kwa miaka mingi walipendelea zile zenye rangi moja pande zote, kwa sababu zinaiva sawasawa na kupendeza macho. Kumbe yale mabega ya kijani yalikuwa yanasaidia kuongeza sukari ndani ya tunda. Kwa hivyo ukichagua mmea wa kuweka mbegu, usikimbie wenye mabega meusimeusi.

Mzee wa Njoro
Mwalimu amesema vizuri. Mimi niongeze ya baridi. Nakuru si mahali pamoja. Mtu wa Lanet na mtu wa Njoro au Molo hawapandi kwa kalenda moja. Huku juu ikifika Juni na Julai, ukungu wa asubuhi na manyunyu, blaiti inaingia usiku mmoja na majani yanakuwa kama yamemwagiwa maji moto. Ni ugonjwa uleule uliomaliza viazi vya Ireland kuanzia 1845, na sisi tumezungukwa na mashamba ya viazi, unaletwa na upepo tu. Nyanya zangu hazikai karibu na viazi hata kidogo.

Aina? Nimepanda nyingi. Sasa naweka Rio Grande chini ya paa la nailoni lililo wazi pande zote. Si kivungulio, ni paa tu la kuzuia mvua isiguse majani. Jani likiwa kavu, blaiti haina njia. Namwagilia kwenye shina, simwagi juu. Majani ya chini yanayogusa udongo nayatoa yote. Nimeona wanaobadilisha mbegu kila msimu wakitafuta isiyougua, na paa la bei ndogo lingewamalizia kazi.

Dada wa Bungoma
Mzee, hapo kwa paa nakubali, lakini kwa mbegu nitakupinga kidogo kwa heshima. Mimi ni mtu wa F1. Nina mashina machache tu ya Anna F1 kwenye kivungulio kidogo cha mbao, ndefu, zimepanda kamba mpaka juu, na nyumba ya watu saba hatununui nyanya. Ndiyo, mbegu ni ghali. Lakini mtu wa nyumbani anahitaji mbegu ngapi? Mashina machache yanatosha. Bei ya F1 inaumiza mwenye ekari, si mimi.

Kilichonisumbua si aina. Ni Tuta. Huyo mdudu ametoka Amerika Kusini, Kenya alionekana mwaka 2014, na anachimba ndani ya jani mpaka linabaki karatasi. Neti kwenye madirisha na mlango, na jani lenye michirizi linatolewa mapema na kuchomwa. Usilitupe pale kando.

Mama Mboga, Kibuye
Mnaongea sana utamu. Mimi nauza nyanya na nitawaambia kwa nini ya sokoni haina ladha, na hata siyo mbegu peke yake. Inachumwa ikiwa imeanza tu kugeuka rangi, isafiri kutoka Mwea mpaka Kisumu ifike ikiwa nzima. Ikichumwa nyekundu tutauza uji. Hiyo Cal J mnayoikosoa, muiache ishikwe na rangi yote kwenye mti muone kama ni ileile. Na mkishaivuna msiweke kwa friji! Baridi ya friji inaua harufu ya nyanya, siku chache tu.

Kijana wa Manyatta
Mama Mboga ametuchapa 😂 Zangu za ndoo ziko na maua lakini yanadondoka. Ni mbegu?

Mama wa Nyalenda, Kisumu
Ziko wapi hizo ndoo? Kama ni kwa ukuta wa mabati unaopigwa na jua la mchana, ni joto. Likikaribia nyuzi 35 maua hayashiki. Hata tunda lililoshika, joto likizidi 30 siku nyingi linabaki la machungwamachungwa, halishiki wekundu. Sogeza mahali penye kivuli kuanzia saa sita. Na ukiona kitako cha tunda kimekuwa cheusi, usikimbilie dawa: ni kalsiamu haifiki kwa sababu unamwagilia leo mengi, kesho unasahau. Ndoo hukauka haraka.

Mkulima wa Vihiga
Nyote mmesahau zile ndogo zinazojiotea zenyewe kando ya jaa na chini ya migomba. Huku hakuna aliyewahi kuzinunulia mbegu. Watoto wanazila wakitoka shule. Zina uchachu, zina utamu, ngozi imara, na mvua ya Maragoli haizitishi sana. Sizifungi wala kuzipogoa, zinatambaa tu. Kuzichuma ndiyo kazi, maana kikombe kimoja ni dakika nyingi umeinama. Lakini ukiziponda kwenye kitunguu kilichokwisha kaangwa ukaweka omena, hutarudi kwa Money Maker, Jirani, samahani.

Jirani wa Kiamunyi, Nakuru
Nimekubali kujaribu 😄 Nikipata chache kutoka kwa ndugu zangu wa huko, natoaje mbegu? Nilikuwa naanika tu na utelezi wake.

Mkulima wa Vihiga
Chagua mmea mzuri kwanza, siyo tunda zuri peke yake. Iache iive mpaka ilainike. Minya mbegu na ute wake kwenye kikombe, ongeza maji kidogo, funika na kitambaa siku mbili tatu mpaka ianze kunuka na kutoa povu juu. Ule ute umeoza. Osha, mbegu nzuri zitazama chini, mbovu zinaelea, mwaga. Anika kivulini kwenye sahani, si kwa karatasi, zitagandamana. Zikikauka kabisa weka kwa bahasha na uandike tarehe.

Dada wa Bungoma
Na hiyo ni kwa hizo ndogo, Money Maker, Cal J, Roma, Rio Grande. Za F1 usiweke. Zitaota, ndiyo, lakini kila mche utakuja na tabia yake.