Kiingilio shilingi 15,000 hapa Arusha, tukaishia kuhubiriwa kuzimu badala ya albamu ya kwanza ya Black Sabbath

Wakuu, salaam.

Jumamosi iliyopita nilifunga karakana mapema, nikatoa shilingi 15,000 na kwenda katika ukumbi mmoja hapa mjini kusikiliza mhadhara uliotangazwa kuwa utaeleza jinsi albamu ya kwanza ya Black Sabbath, bendi ya roki nzito ya Uingereza, ilivyotengenezwa na muziki wake ulichotwa wapi. Nilirudi mtaani kwetu Unga Limited na hasira ambayo hadi leo haijapoa, kwa sababu kwa saa mbili mtoa mada hakugusa utengenezaji wowote, bali alituhubiria mashetani na msalaba uliopinduliwa.

Msalaba huo uliwekwa ndani ya jalada na kampuni ya rekodi, na wanamuziki wenyewe wamesema hawakushirikishwa. Sauti za mvua, radi na kengele ziliongezwa baada ya wao kumaliza kupiga. Jina la bendi walilitoa kwenye filamu ya kutisha ya mwaka 1963. Kabla ya hapo walijiita Earth na walikuwa wakipiga bluzi.

Lililoniuma zaidi ni vidole vya Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi hiyo, ambavyo mtoa mada alivipitia kwa sentensi moja. Mimi riziki yangu ni kukata na kukunja mabati, kwa hiyo habari ya kijana wa miaka 17 wa Birmingham, aliyekatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwandani siku yake ya mwisho kazini, siwezi kuisikia kama porojo. Anapiga kwa mkono wa kushoto, maana yake vidole vilivyokatika ndivyo vya kubania nyuzi. Meneja wake wa kiwandani alimpelekea sahani ya muziki wa Django Reinhardt, mpiga gitaa aliyeungua mkono akabaki na vidole viwili vya kupigia, naye akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akajiundia vifuniko vya vidole na kutafuta nyuzi nyembamba. Hiyo ni kazi ya fundi, na ndiyo niliyolipia kuisikia.

Kisha tukaambiwa kuwa kurekodi kulichukua miezi, na kwamba mlio ule mzito ulitokana na kulegeza nyuzi. Si kweli. Walirekodi kwa siku moja, tarehe 16 Oktoba 1969, London, chini ya prodyuza Rodger Bain, wakipiga wote kwa pamoja kama walivyozoea jukwaani, jambo ambalo wazee waliofuatilia bendi zetu za dansi zikirekodi Radio Tanzania wangelielewa bila kufafanuliwa. Kulegeza nyuzi kulikuja katika albamu ya tatu, mwaka 1971. Kuhusu mpiga besi wao Geezer Butler kumsikiliza Jack Bruce, mpiga besi wa bendi ya Cream, mpiga ngoma wao Bill Ward kumpenda Gene Krupa, mpiga ngoma wa jazi, au noti za mtunzi Holst zilizochochea wimbo wa kwanza, hatukusikia hata neno, ilhali tangazo lilisema "ulichotwa wapi".

Nilinyoosha mkono mara tatu. Mara ya tatu kipaza sauti kilinifikia, kikachukuliwa kabla sijamaliza swali, tukaambiwa muda umekwisha, wakati meza ya kuuzia fulana ilibaki wazi kwa karibu saa nzima.

Waandaaji, ambao najua mnasoma hapa, nataka mrudishe kiingilio au muitishe mhadhara mwingine bila malipo, na safari hii aje mtu aliyeisikiliza sahani yenyewe. Risiti ninayo.