Je, Sisa ni mtu au ni Ufilipino?

Msomaji wa Tanga: Ndugu wanajukwaa, nimemaliza kusoma *Noli Me Tángere*, riwaya ya mwandishi Mfilipino José Rizal iliyochapishwa Berlin mwaka 1887. Wachambuzi wengi husema kwamba Sisa, mama anayeshikwa na wazimu baada ya kupotelewa na wanawe, ndiye Ufilipino chini ya Wahispania. Je, usomaji huo haumnyimi utu wake?

Mwalimu Mstaafu: Ndugu yangu, naona Sisa analibeba taifa kwa sababu Rizal alimuumba kwanza kama mtu. Irudie sura anayowaandalia watoto chakula cha usiku, samaki wadogo pamoja na nyanya anazozipenda mwanawe Crispín. Mumewe anatokea, anakula karibu chote, naye Sisa anahisi kana kwamba ni yeye anayeliwa. Hakuna hotuba yoyote ya kisiasa pale. Baadaye Crispín anasingiziwa wizi kanisani, na askari wanamkamata mama na kumpitisha mjini mbele ya macho ya watu, kiasi kwamba nguvu ya kanisa na nguvu ya bunduki zinamwangukia fukara mmoja kwa pamoja. Msomaji aliyekwisha kumwonea huruma jikoni hahitaji kuelezwa ukoloni ni nini.

Binti Fasihi: Shikamoo Mwalimu. Nakubaliana nawe kuhusu Sisa, lakini María Clara, msichana mwingine wa riwaya hiyo, amesomwa vibaya mno. Amefanywa kielelezo cha mwanamke mpole wa Kifilipino, ilhali riwaya inafichua kwamba baba yake mzazi ni Padre Dámaso, mtawa wa Kifransisko. Kama yeye ni taifa, basi ni taifa lililozaliwa kwa dhuluma ya walewale waliojiita walezi wake. Mchumba wake, Ibarra, aliyetaka kujenga shule, anarudi katika riwaya inayofuata, *El Filibusterismo* (1891), kwa jina la Simoun, akipanga kuwalipua watawala kwa taa iliyojazwa baruti kali. Rizal alikitabaruku kitabu hicho kwa mapadri Gómez, Burgos na Zamora, walionyongwa na Wahispania mwaka 1872, na kwangu hasira ya Simoun haieleweki bila vifo hivyo.

Mwalimu Mstaafu: Marahaba, binti yangu. Umeniongezea jambo kuhusu Simoun. Kwa aliyeuliza, namshauri asome pia tamthilia ya Mfilipino mwingine, Nick Joaquin, kuhusu Candida na Paula, madada wa Intramuros, mji mkongwe wa Manila, mwaka 1941, wanaokataa kuuza mchoro wa baba yao ingawa hawana fedha hata za kulipia umeme.