Wakimbizi wa Burundi walioko Kigoma: warudi sasa au wasubiri?

Ndugu zangu, hoja inayosikika kila kona ni kwamba Burundi imetulia, basi waliokimbia mwaka 2015 wafungashe warudi kwao. Wanaosema hivyo wana machungu ya kweli. Mama wa Kasulu au Kibondo anakwenda mbali kutafuta kuni kwa sababu pori la jirani na kambi za wakimbizi limekwisha, wala hakuna aliyemfidia. Hilo silipingi.

Ninachopinga ni haraka. Kambi ya Warundi ya Mtabila, hukohuko Kigoma, tuliifunga mwishoni mwa 2012, watu wakapakiwa kwenye magari na kuvushwa mpaka. Mwaka 2015 Rais Nkurunziza wa Burundi akang'ang'ania muhula wa tatu, nchi ikawaka, na wapo waliotoka Mtabila waliokimbilia Kigoma upya. Tulipata nini?

Halafu tunazungumzia bunduki tu, shamba tunalisahau. Chukua Rumonge na Nyanza-Lac, kusini mwa Burundi, kwenye michikichi ya kando ya Ziwa Tanganyika. Waliokimbia mauaji ya 1972 waliacha mashamba, mengi yakagawiwa wengine. Mtoto wa mwenye shamba anarudi baada ya miaka zaidi ya thelathini, anakuta michikichi ya baba yake inavunwa na familia iliyozaa na kuzika hapohapo, na karatasi ya serikali wanayo. Nani kati yao ni mwizi? Tume ya ardhi iliundwa mwaka 2006 kutatua kesi hizo, na maamuzi yake yenyewe yakazua ugomvi mwingine. Waliokimbia 2015 wanarudi kwenye nchi hiyohiyo, yenye vishamba vidogo na watu wengi.

Mkataba wa wakimbizi wa OAU, yaani Umoja wa Nchi Huru za Afrika, wa 1969 unakataza kumrudisha mkimbizi asiyetaka. Ukimfungia soko la kambini, kisha ukamletea daftari la kujiandikisha kurudi, umemsukuma, hata kama sahihi ni yake.

Na msiniambie Tanzania haina njia nyingine. Mwaka 2014 tuliwapa uraia Warundi wa 1972 wapatao 162,000, wengi wao wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, na walikuwa wakijilisha kwa jembe lao.

Anayetaka kurudi apewe gari leo, na maelfu wamekwisha kurudi tangu 2017. Ila kabla ya kuandikwa jina aulizwe: shamba lako liko mlima gani, na sasa analilima nani? Majibu yapelekwe Gitega, makao makuu ya Burundi, na serikali ya kule iseme atalala wapi na atalima wapi. Mnaotaka kambi zifungwe, hapo mnapinga nini?