Naomba ushauri: kupanda Castleton Tower baada ya mvua

Mkwea wa Denver:
Ndugu zangu, nawasalimu. Mimi na mwenzangu tunaishi Denver, na tumepata likizo fupi mwezi huu wa Oktoba kwa ajili ya kupanda Castleton Tower, ule mnara wa mwamba wa mchanga unaosimama juu ya Castle Valley, karibu na Moab katika jimbo la Utah. Njia tuliyoichagua ni Kor-Ingalls, waliyoifungua Layton Kor na Huntley Ingalls mwaka 1961, yenye daraja la ugumu la 5.9 kwa kipimo cha Marekani. Nilijifunzia kupanda Lukenya, kisha Hell's Gate, huko Kenya, kwa hiyo kutangulia kwenye ufa na kuweka kemu, yaani vifaa vya chuma vinavyobana ndani ya ufa ili vishike kamba mtu akianguka, si mambo mageni kwangu. Kinachonitia wasiwasi ni utabiri wa hali ya hewa: mvua itanyesha Alhamisi mchana hadi usiku, kisha jua litawaka Ijumaa hadi Jumapili. Mwenzangu anashikilia kwamba jangwani mwamba hukauka upesi, na kwamba Ijumaa saa sita mchana tutakuwa tayari kuanza. Naomba wenye uzoefu mnieleze tusubiri kwa muda gani, na pia kama 5.9 ya pale inafanana na ile niliyoizoea.

Jabali:
Msipande Ijumaa, hata kama uso wa mwamba utaonekana mkavu kabisa. Mnara ule umeumbwa kwa mwamba wa Wingate, yaani mchanga wa vilima vya jangwa la kale, wenye umri wa takriban miaka milioni 200, ambao chembe zake zimeshikanishwa na madini machache tu katikati yake. Maji yakiingia ndani, mshikamano huo hulegea na mwamba hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake hadi ukauke tena. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu kemu hufanya kazi kwa kusukuma kuta za ufa pande zote mbili, na mpandaji akianguka, kuta zilizolowa zinaweza kumomonyoka na kukiachia chuma ulichokuwa umekiamini. Lukenya hujawahi kulifikiria jambo hili kwa sababu mwamba wa kule ni wa aina nyingine kabisa, na mvua ikiisha unasubiri tu utelezi uondoke.

Isitoshe, kishikio kikivunjika hakirudi. Maelfu ya watu wameitumia njia hiyo tangu 1961, na mpandaji mmoja asiye na subira anaweza kuiharibu kwa asubuhi moja. Wenyeji wa Moab husema tusubiri kuanzia saa 24 hadi 72, kutegemea ukubwa wa mvua, baridi na upepo. Kwa mvua ya mchana na usiku, katika Oktoba ambapo jua halina ukali wa kiangazi, mimi ningeisahau Ijumaa na Jumamosi pia.

Binti Savana:
Namheshimu Jabali, lakini nadhani Jumamosi anaikataa mapema mno. Kor-Ingalls iko upande wa kusini, hupigwa na jua kwa muda mrefu, na upepo wa pale juu hauna mchezo. Mvua ikiwa ya rasharasha, Jumamosi alasiri huenda pakawa pakavu.

Jabali:
Dada, jua hukausha uso kwanza, na unyevu wa ndani ya ufa ndio unaobaki. Kuna kipimo rahisi ambacho hakihitaji kubishana: mkifika chini ya mnara, chimbueni udongo kwa vidole palepale kwenye njia, msiguse ule udongo mweusi wenye ukoko ulio pembeni, kwa kuwa una viumbe hai na huchukua miaka mingi kupona ukikanyagwa. Mkikuta udongo wa chini una unyevu, mwamba nao bado umelowa, na hapo mnageuka.

Mshika Kamba:
Nijibu swali la pili, maana wengi hulipuuza. Mnara wenyewe una urefu wa mita 120 hivi, lakini umekaa juu ya mteremko mrefu wa mawe na udongo ambao utawachosha kabla hamjaigusa kamba, na njiani hakuna maji. Njia ina sehemu nne za kamba, yaani hupandwa kwa awamu nne, na ya tatu ndiyo yenye kazi: ufa mpana ambao ngumi inapwaya ndani yake na mwili haupiti, tena kuta zake zimefunikwa na utando mweupe wa madini ya kalisaiti ambao ni laini na huteleza. Ukizoea kukwamisha mikono tu, 5.9 hiyo itakushangaza. Inabidi uingize bega na mkono wote, ukunje kiwiko, usukume kwa kiganja upande wa pili, huku goti na kisigino vikifanya kazi ndani ya ufa. Vaa shati la mikono mirefu, beba kemu kubwa, na mkoba usiuvae mgongoni; uning'inize chini yako.

Mkwea wa Denver:
Nawashukuru sana. Kaka yangu ameniuliza kama mnara huo mwembamba unaweza kuyumba tukiwa juu yake. Nimjibuje?

Binti Savana:
Mwambie unatetemeka kweli, ila hamtahisi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walipata wapandaji waliopeleka kifaa cha kupimia mitetemo hadi kileleni, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2019 yalionyesha kwamba mnara hutikisika karibu mara moja kwa sekunde, kwa kiasi kidogo mno.

Pia nakubaliana na Jabali kuhusu udongo. Badala ya kukaa bure Ijumaa na Jumamosi, pitieni Unaweep Canyon, karibu na Grand Junction. Ni njiani kutoka Denver, na mwamba wa kule ni graniti, ambao haudhoofishwi na mvua namna hiyo.

Mkwea wa Denver:
Basi tutafanya hivyo: Ijumaa na Jumamosi Unaweep, Jumapili alfajiri tutachimbua udongo chini ya Castleton, na tukikuta unyevu tutarudi nyumbani bila kupanda. Mwenzangu amesoma majibu yenu na amekubali. Seti yetu ya kemu inaishia kwenye saizi ya ngumi, kwa hiyo kama yupo mwanachama wa hapa Denver mwenye kemu kubwa mbili, naomba kuziazima hadi Jumatatu.

Mshika Kamba:
Ninazo. Nitumie ujumbe wa faragha, uje uzichukue Jumatano jioni.